Panga Herufi Kwanza: Namna ya Kupata Maneno ya Kiingereza Yenye Herufi Zile Zile

Mpe mtu herufi A, C, E, N na O. Macho yake yatakimbilia OCEAN, kisha yatagoma hapo. CANOE liko pale pale, herufi zile zile, wala halionekani. Akili ikishapata neno lenye maana hulishikilia, na kulivunja upya haitaki. Nimeliona jambo hili kwa wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Mombasa, na nimeliona kwa watu wazima wanaocheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, barazani baada ya alasiri, watu waliozungumza Kiingereza bandarini na mahotelini miaka na miaka. Msamiati wanao. Wakitajiwa CANOE wanapiga paji la uso. Kinachokosekana ni njia ya kulifikia.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: kabla ya kutafuta chochote, zipange herufi kwa mfuatano wa alfabeti. ANGEL ikipangwa inakuwa AEGLN. ANGLE nayo inakuwa AEGLN. GLEAN, kitenzi cha kuokota masazo shambani baada ya mavuno, nacho ni AEGLN. Mpangilio huo mimi nauita ufunguo. Maneno yenye ufunguo mmoja ni ya ukoo mmoja, na neno lenye ufunguo mwingine halimo katika ukoo huo hata lifanane vipi kwa sura. Hakuna cha kubahatisha wala cha kubishania.

Watu huuliza kwa nini wasichanganye tu herufi mpaka neno lijitokeze. Jibu liko kwenye hesabu. Herufi tano tofauti zinapangika kwa njia 120. Zikifika saba, njia ni 5,040. Zikifika nane ni 40,320. Hakuna atakayezipitia zote, kwa hiyo anayechanganya huishia kurudia mipangilio michache ile ile bila kujua kwamba anairudia. Anayepanga kwa alfabeti ana mpangilio mmoja tu wa kukumbuka.

Halafu ufunguo hausomeki, na faida yake kubwa iko hapo. AEGLN halikuambii lolote, kwa hiyo halikuzuii. Ukitazama ANGEL unamwona malaika. Ukitazama AEGLN unaona herufi tupu, uko huru kwenda popote. Yapo maneno machache ambayo yenyewe tayari yamejipanga, kama BELOW, ambalo ni ufunguo wake lenyewe na wa ELBOW pia. Hayo yajue mapema, maana yanateleza machoni kwa urahisi mno.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni ya Hooke, ile ya springi na uzito. Mwaka 1676 Robert Hooke alitaka ijulikane kwamba kagundua kitu, lakini hakutaka wenzake wakichukue kabla hajakamilisha kazi. Akachapisha herufi hizi: ceiiinosssttuv. Zitazame vizuri: zimepangwa kwa alfabeti. Miaka miwili baadaye, 1678, akazifungua: *ut tensio, sic vis*, Kilatini, yaani kadiri kitu kinavyovutika ndivyo nguvu ilivyo. Ufunguo ule haukutoa siri, na siku ilipotoka hakuna aliyeweza kusema herufi hazilingani.

Sisi wa pwani tuna ugumu wetu hapa, na ni vizuri tuujue. Mchezo wetu wa maneno tangu zamani ni kinyume: unachukua silabi ya mwisho unaitanguliza, meza ikawa zame, nyumba ikawa mbanyu. Mtoto aliyelelewa na Kiswahili anafikiri kwa silabi, konsonanti na irabu yake, mbili mbili. Ukimpa C, A, N, O, E anaanza na CA, NA, NO, CO, na hapo anapata CANOE haraka kuliko OCEAN. Ukimpa G, H, I, N, T anahangaika, kwa sababu irabu ni moja tu na konsonanti zimesongamana. NIGHT na THING zote ziko humo. Kwa hiyo wanafunzi wangu nawafundisha pia kuzitambua konsonanti ambazo Kiingereza hupenda kuzikutanisha: TH, GHT, CK, STR, NG, CH. Ukishaziona hizo kama kitu kimoja, kilichobaki ni kidogo.

Kwa vitendo, tafuta daftari moja uliweke kwa kazi hii peke yake. Kushoto mwa mstari andika ufunguo, kulia andika maneno, kisha ruka mstari mmoja kwa ajili ya yatakayopatikana baadaye. Usipange kurasa kwa maneno uliyoanza nayo, zipange kwa urefu: za herufi nne, tano, sita, saba. Nne ndizo za kuanzia, kwa sababu zinakutia moyo. OPST peke yake inatoa STOP, SPOT, POST, POTS, TOPS na OPTS. AELST katika tano inatoa LEAST, STEAL, STALE, SLATE na TALES, na bado kuna mengine.

Na ukate vigae, vipande vidogo vyenye herufi moja moja. Navisisitiza hivi hata kwa watu wazima. Kadibodi la boksi la sabuni, mkasi, kalamu ya wino mzito, basi. Kuandika neno na kulifuta hakufanyi kazi ile ile ya kulisogeza kwa kidole. Binti mmoja wa gredi ya nane alipanga TEACHER kwa vigae, akaivunja ikawa ACEEHRT, akanyamaza. Kwanza akapata CHEATER, akacheka na wenzake wakacheka. Nikamwambia arudishe kwenye ufunguo, asianzie kwenye CHEATER. Akarudisha. Akaivuta H akaiweka mbele, akaiweka E, akasita, kisha akaniuliza, “Mwalimu, hii si ni ile hekta ya hesabu?” HECTARE. Asingerudi kwenye ufunguo, ile HEA ya CHEATER ingebaki imeganda vile vile.

Kuna ukoo wa maneno ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kiingereza aujue hata kama hachezi mchezo wowote. Ni yale maneno ambayo herufi mbili zikibadilishana nafasi unapata neno jingine halali. FROM na FORM. QUIET na QUITE. DIARY na DAIRY. TRIAL na TRAIL. CASUAL na CAUSAL. UNITED na UNTIED. SACRED na SCARED. Kikaguzi cha tahajia mara nyingi hukaa kimya, maana neno lililoandikwa lipo kwenye kamusi. Nimesahihisha insha ya mwanafunzi aliyeeleza uzuri wa Ramadhani mjini, futari, taa, taraweh, akaandika *the scared month*. Insha ilikuwa nzuri na kosa lile moja liligeuza mwezi mtukufu kuwa mwezi wenye woga. Tangu hapo maneno haya tunayaandika pamoja daftarini, chini ya ufunguo mmoja, kila moja na sentensi yake. ACDERS: SACRED, la utukufu, SCARED, la hofu. Ukijifunza ndugu wawili kwa pamoja, wa kwanza akikujia unamkumbuka wa pili, unatazama tena ulichoandika.

Sasa upande wa mchezo. Katika Scrabble ya Kiingereza una vigae saba mkononi kati ya 100, na ukivitumia vyote kwa mkupuo unaongezewa pointi 50. Hapo ndipo mmoja anaposhinda na mwingine anaposhindwa, na hapo ndipo ufunguo unapolipa. Tuseme umepata A, D, E, G, I, N, R. Zimeshajipanga. Usiliwinde neno zima. Toa kwanza kipande ambacho Kiingereza hukiweka mwishoni au mwanzoni. Ukitoa ING unabaki na A, D, E, R. Hizo ni READ, DEAR na DARE, na READ inakubali ING: READING. Zirudishe. Toa ED, unabaki na A, G, I, N, R, ambazo ni GRAIN, na kitenzi chake kinakubali ED: GRAINED. Zirudishe tena ujaribu ER, kisha RE mwanzoni. Vipande vya kupima havizidi vidole vya mikono: ING, ED, ER, EST, LY, RE, UN, na S.

S usiitumie ovyo. Ziko nne tu katika vigae vyote, na zinafungua koo kubwa. AEINRST ni ufunguo ambao wachezaji wazuri wanaujua kama jina la mtaa wao: RETAINS, NASTIER, RETINAS, STAINER, ANTSIER, STEARIN ambayo ni mafuta ya kutengenezea mishumaa, na RETSINA, divai ya Kigiriki. Ukipata herufi hizo na hukuliona hata moja, sababu ni kwamba ulikuwa unasoma badala ya kupanga.

Je, maana ya neno ni lazima? Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali Kifaransa hakizungumzi. Alikariri orodha ya maneno. Mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia wa Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Kwa hiyo kukariri kunaweza kumfikisha mtu mbali. Lakini kwa mtoto anayejifunza lugha mimi nakataa kabisa. Neno lisilo na maana kwake haliingii daftarini mpaka alitafute kwenye kamusi na aliandikie sentensi. Hatuwakuzi mashine. Tena neno lenye maana halitoki kichwani upesi.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi, nalo linahitaji uangalifu. “Herufi zile zile” kunaweza kumaanisha vitu viwili. Cha kwanza ndicho tulichokuwa nacho: kila herufi kwa idadi yake. Cha pili ni aina za herufi tu, bila kujali imerudiwa mara ngapi. Kwa kanuni hii ya pili, ukipata ufunguo unafuta marudio. LISTEN ni EILNST. SILENT, ENLIST na TINSEL ni wa ukoo wake kwa kanuni zote mbili. Lakini ukifuta marudio wanaingia wageni: LENTILS, TENSILE, SENTINEL, STILLNESS, LITTLENESS. Zikague mwenyewe, hakuna herufi ya saba ndani ya yoyote kati yao. Vivyo hivyo EAST na SEAT wanawapokea ASSET, STATE, TASTE, TEASE na ESTATE. Kwa mchezo wa vigae kanuni hii haikusaidii, lakini kwa darasa ni tamu kuliko ya kwanza, kwa sababu haina mwisho wa urefu na watoto hushindana nani ataleta neno refu zaidi. Cha muhimu ni mkubaliane kabla ya kuanza mnacheza kwa ipi.

Kwa wanaoandika programu, kazi yote hii kwa Python ni mistari michache. Chukua orodha ya maneno, panga herufi za kila neno, fanya matokeo kuwa ufunguo wa kamusi ya Python (dictionary), na kila neno liongeze chini ya ufunguo wake. Usilinganishe kila neno na kila neno jingine. Orodha ikiwa kubwa utasubiri sana bila sababu. Kwa kanuni ya pili, ondoa marudio kabla ya kupanga. Wapenda hesabu wanayo njia nyingine: kila herufi ipewe namba tasa yake, A iwe 2, B iwe 3, C iwe 5, hivyo hivyo mpaka Z, kisha uzidishe. OCEAN inatoa 222,310 na CANOE inatoa 222,310, na hakuna herufi nyingine zitakazotoa jawabu hilo. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa Kiingereza wangeweza kulifundisha somo hili chumba kimoja.

Lakini programu iwe ya kusahihishia. Tafuta kwanza kwa vigae, andika ulichopata, ndipo ufungue kompyuta uone yaliyokupita, na hayo yaliyokupita ndiyo ya kuandika kwa wino mwekundu.

Nawaachia funguo tatu za wiki hii. CEHIKNT ina mawili ambayo kila mpishi anayahitaji. ADEGNR ina angalau manne, moja la kukuonya na jingine la kupumzikia. AELPRSY ina angalau matano, na moja ni la majani yanayouzwa sokoni Marikiti. Atakayezipata aniandikie amezitoaje, sio majibu peke yake.