Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tunaocheza ugenini?

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji aliyeko Marekani kama mimi: "Dada, kamati imegawanyika. Siku ya Utamaduni tuifanye mwaka huu, au tungoje hawa watu wa uhamiaji wapoe?" Nikacheka, halafu donge likanikaba. Swali hilo nililijibu mwaka 2025 kwa mdomo mpana.

Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ifanyike. Tulikuwa kwenye Zoom, watu kumi na wanne, nikawamwagia historia: Waayalandi waliandamana New York Siku ya Mtakatifu Patrick tangu 1762, miaka 14 kabla nchi hii haijatangaza uhuru. Miaka ya 1850 kikaja chama kizima, Know Nothing, cha kuwapinga wahamiaji Wakatoliki, na leo Machi ikifika kila mtu anavaa kijani na kudai ana bibi Mwayalandi. "Tukijificha, nani atatuhesabu?" Kimya. Nikadhani nimewashinda kwa hoja.

Kumbe! Mimi nina pasipoti ya bluu ya Marekani. Mama tuliyempangia kupika pilau, kesi yake ya makaratasi ina mwaka wa sita. Sasa mtu kama huyo atasimama vipi mbele ya watu kumi na wanne aanike mambo yake, eti ili anipinge? Na usomi wangu wote, hilo sikuliwaza.

Siku ikafika, bustani ya umma, viti 150. Waliokuja niliwahesabu 31, pamoja na watoto. Mama wa pilau simu yake haipatikani, tukala pizza. Nyuma ya jukwaa nilitundika khanga yangu ninayoipenda, Mcheza kwao hutunzwa. Mzee wa Kimarekani aliyekuwa anatembeza mbwa akauliza inasemaje. Nikaanza kumtafsiria, nikafika kwenye "kwao", nikakwama. Kwao wapi? Jukwaani binti wa rafiki yangu alikuwa anacheza mdumange, ngoma ya Tanga, naye kazaliwa hapahapa, Tanga anaisikia tu. Nikamwambia mzee maana yake ni "karibuni". Mungu anisamehe.

Basi ushauri wangu, ndugu msomaji: kabla ya kupiga kura, waulizeni walio hatarini. Mmoja mmoja, kwa simu, si kwenye grupu. Wakijibu "haina shida", waulizeni tena. Waandaaji wa El Carnaval de Puebla, sherehe ya Wamexico kule Philadelphia, waliifuta 2017 kwa hofu ya watu wa uhamiaji, wakaifuta tena 2025. Chicago nao waliahirisha El Grito, sherehe ya uhuru wa Mexico, Septemba 2025. Mimi wakati huohuo nawaita wenzangu waoga. Ndiyo, neno hilo nililitumia.

Mkiamua kufanya, ingieni ukumbini, kwa mwaliko. Bustani haina mlango. Ukumbini, sehemu isiyo ya umma, kwa kawaida maafisa wa uhamiaji hawaruhusiwi kuingia bila ridhaa yenu au hati iliyosainiwa na jaji. Bendera wekeni zote mbili, ya kwenu na ya Marekani. Kwenye maandamano ya wahamiaji ya 2006 watu walibeba za Mexico, wapinzani wao wakashupalia bendera wakauacha muswada wa kuwabana wahamiaji uliokuwa unapingwa. Baadaye waandaaji wenyewe wakahimiza watu waje na za Marekani. Lakini kubwa ni lile la kwanza. Waulizeni.

Na nyinyi wenzangu mlioapishwa uraia mkapiga picha na jaji, hebu tusikilizane. Ukitaka kuonyesha ujasiri, katangulie wewe, kasimame wewe mlangoni, andika jina lako kwenye mkataba wa ukumbi. Usimtume mama wa watu na sufuria lake.

Oktoba kamati walinitoa kwenye grupu bila hata kwaheri, mimi niliyelianzisha. Yule mama nilimwendea kuomba radhi. Akanipikia chai, tukaongea habari za watoto, la pilau hatukuligusa. Khanga yangu nayo kuna aliyeikunja wakati tunakusanya viti, na haijarudi mpaka leo. Najua unasoma hapa.