Okidi ikishapukutisha maua, anza na mizizi

Ua la mwisho likianguka, anayeanza kufuga okidi hufanya moja kati ya mawili: huutupa mmea akidhani umekufa, au huuhurumia na kuumwagia maji na mbolea. Okidi nyingi zinazokufa ndani ya nyumba huuawa na huko kuhurumiwa. Falenopsisi, ile yenye majani mapana ambayo ndiyo okidi inayofugwa zaidi ndani, huchanua kwa miezi miwili hadi minne, kisha nguvu zake hurudi kwenye majani na mizizi. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, chunguza mizizi.

Mzizi mzima ni mgumu ukiuminya. Ukikauka huwa na rangi ya fedha, ukilowa hugeuka kijani. Uliooza ni wa kahawia na laini, na ukiuvuta, ganda lake huchomoka na kubaki uzi mwembamba. Mizizi inayoning'inia nje ya chungu iache ilivyo. Porini mmea huu hujishikiza kwenye magome ya miti, mizizi ikiwa hewani, na ukiilazimisha kuingia chunguni itavunjika.

Sasa bua la maua. Likiwa limeanza kuwa la njano au kahawia, likate karibu na shina, ubakize kama sentimita 2. Likiwa bado la kijani, una uamuzi wa kufanya. Hesabu vifundo, yale maungio yaliyovimba kwenye bua, kutoka chini, ukate sentimita 1 juu ya cha pili au cha tatu. Mara nyingi tawi jipya huchipuka hapo na kuchanua baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa maua huwa machache na madogo. Njia hii ni ya mmea wenye afya tu: majani manne au zaidi, yaliyo imara, na mizizi mingi mizima. Mmea wenye majani mawili yaliyolegea ukiulazimisha kuchanua tena utajimaliza. Huo kata bua lote. Kwa maoni yetu hata mmea wenye nguvu hunufaika ukikatwa bua lote, kwa kuwa maua ya msimu ujao huja mengi na makubwa zaidi.

Makali ya mkasi yapitishe kwenye mwali wa moto, kisha yaache yapoe, kabla ya kukata na kila unapohamia mmea mwingine. Virusi vya okidi husafiri kwa utomvu na havina dawa. Wakati huohuo tazama chini ya majani na kwenye maungio yake, ndiko wadudu waitwao vidung'ata hujificha, wakionekana kama vipande vya pamba. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti ya asilimia 70, urudie kila wiki hadi waishe.

Baada ya maua ndio wakati mzuri wa kubadilisha chungu, jambo linalohitajika kila mwaka mmoja hadi miwili. Magome ya msonobari yaliyomo chunguni huoza taratibu na kuwa unga unaoziba nafasi za hewa. Mizizi hukosa pumzi na kuoza hata kama hukuzidisha maji. Loweka magome mapya, vipande vya sentimita 1 hadi 2.5, usiku kucha. Toa mmea, kung'uta magome yote ya zamani, kata mizizi iliyooza hadi ufike sehemu ngumu. Chagua chungu chenye matundu, kinachotosha mizizi iliyobaki na nafasi kidogo tu. Chungu kikubwa hukaa na unyevu katikati kwa muda mrefu, hivyo usikiongeze kwa zaidi ya sentimita 2 au 3. Udongo wa bustani usiutumie kabisa. Ukiwa umekata mizizi mingi, ngoja siku tatu hadi tano ndipo umwagilie, vidonda vikauke.

Kumwagilia kusifuate kalenda. Ngoja mizizi iwe ya fedha na chungu kiwe chepesi, kisha zamisha chungu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, ukitoe na kukiacha kichuruzike kabisa kabla ya kukirudisha kwenye chombo cha urembo. Katika vyumba vingi hii huangukia kila siku 5 hadi 10. Maji yakituama katikati ya majani, yakaushe kwa karatasi laini, la sivyo kitovu cha mmea kitaoza, na falenopsisi iliyooza kitovu ni nadra kupona.

Hapa ndipo wengi hukosea: majani yaliyosinyaa huwa na sababu mbili zinazopingana. Mmea huenda umekosa maji, au mizizi imeoza na haiwezi kuyanyonya. Kwa macho majani yanafanana, kwa hiyo angalia mizizi kwanza. Ukimwagilia ile iliyooza, unaimalizia.

Mbolea ya maji yenye uwiano sawa wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kama 20-20-20, ichanganye kwa robo ya kipimo cha kwenye kifungashio, utie kila wiki mbili wakati majani au mizizi mipya inakua. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi ili chumvi zisirundikane na kuunguza ncha za mizizi.

Mwanga uwe mwingi lakini usio wa jua kali la moja kwa moja. Dirisha la mashariki hufaa. Majani ya kijani iliyokoza sana yanadai mwanga zaidi. Yenye wekundu au unjano yamezidiwa. Kinachochochea bua jipya ni ubaridi: usiku wa nyuzi 16 hadi 19 kwa wiki kadhaa. Chumba kinachobaki juu ya nyuzi 28 mchana na usiku kitakupa majani tu.

Maelezo ya kukata bua kwenye kifundo ni ya falenopsisi. Kateleya na onsidiamu, ambazo ni aina nyingine za okidi, kwa kawaida hazichanui tena kwenye bua lililozeeka. Dendrobiamu, aina nyingine tena, usiikate miwa yake, yaani mashina yake manene, hata ikipukutisha majani, kwani ndiyo ghala la maji na chakula.

Kichipukizi kipya kikitokea kati ya majani, tazama ncha. Ya mzizi ni ya mviringo. Ya bua ni bapa, yenye kimkunjo pembeni. Kikiwa bua, usizungushe tena chungu, maana litapindapinda likifuata mwanga, na lifungie kijiti lingali changa, kwani likikomaa ukilikunja huvunjika.