Kumhamishia mtoto wa Gredi ya 7 JSS ya kijijini

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama kumtoa binti Nakuru mjini kwenda JSS (sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9) ya umma karibu na Butere kutamharibia. Hapana, ila usimhamishe kienyeji.

Kinachoumiza watoto wengi ni alama za tathmini za shuleni. Za Gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9, KPSEA (tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6) nyingine 20, na mtihani wa mwisho 60. Shule ndiyo huziingiza kwenye mfumo wa KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya. Akiondoka kabla hazijaingizwa, shule mbili zitaanza kutupiana lawama huku mtoto akibaki na pengo. Kwa hiyo hama baada ya kufunga muhula wa tatu, na umwombe mwalimu mkuu akuonyeshe alama zake kwenye skrini. Beba barua ya uhamisho, namba yake ya UPI (utambulisho wake kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu) na cheti cha kuzaliwa. Majina yalingane herufi kwa herufi. Atieno na Achieno ni watu wawili kwa kompyuta.

Kule shule mpya, omba kuona daftari la Sayansi Jumuishi la mwanafunzi yeyote. Likiwa na kurasa nyeupe, mwalimu wa somo hayupo.