Maswali ya Wasomaji: Je, Uzi Usiochapisha Haujafanya Kazi?

SWALI: Nimeandika kerneli ya CUDA (kipande cha programu kinachoendeshwa kwenye kadi ya michoro ya NVIDIA) ya kujumlisha safu ya namba 1,000,000, nikitumia nyuzi 256 (watendaji wanaofanya kazi sambamba) kwa kila bloku, yaani kundi la nyuzi, lakini jumla inatoka pungufu. Nimeweka printf, amri ya kuchapisha, ndani ya kerneli ili kila uzi uonyeshe thamani uliyoisoma. Mara skrini inabaki tupu, mara inatoa sehemu tu ya mistari, tena bila mpangilio. Je, nyuzi nyingine hazifanyi kazi?

JIBU: Usikate shauri bado. Maandishi ya kerneli hayaendi moja kwa moja kwenye skrini, bali huwekwa katika bafa, yaani hifadhi ya muda, iliyo kwenye kumbukumbu ya kadi, na kompyuta huyachukua pale programu inapoisubiri kadi imalize, kwa mfano kwa cudaDeviceSynchronize. Programu ikifika mwisho bila kusubiri, maandishi hupotea. Bafa yenyewe ni megabaiti 1 usipoibadilisha, na ikijaa, maandishi mapya hufuta ya zamani. Unaweza kuiongeza kwa cudaDeviceSetLimit, ingawa sioni faida yake hapa, kwani hakuna atakayesoma mistari milioni moja. Mpangilio nao usiutafutie maana. Nyuzi hazina zamu.

Afadhali uulize uzi mmoja tu, tena ule wenye kutiliwa shaka zaidi, yaani unaosoma namba ya mwisho (i ni namba ya uzi, n ni idadi ya namba zote, na a ni safu yenyewe):

if (i == n - 1) printf("%d %f\n", i, a[i]);

Kisha subiri kadi, na uangalie cudaGetLastError, maana kerneli iliyokataa kuanza haichapishi chochote. Ikiwa hakuna kosa na uzi huo bado uko kimya, bafa haina lawama tena. Tazama ulivyohesabu bloku: 1,000,000 / 256 kwa namba kamili ni 3,906, na bloku hizo hufikia namba 999,936 tu, hivyo 64 za mwisho haziguswi na uzi wowote. Andika (n + 255) / 256, upate 3,907, na uweke sharti la i < n kwa sababu sasa nyuzi 192 zimezidi.

Jumla ikiwa inabadilika kila unapoendesha programu, hilo ni jambo jingine: huenda nyuzi zinaandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hapo printf haifai sana, kwa kuwa hubadilisha mwendo wa nyuzi na kosa linaweza kujificha. Tumia compute-sanitizer, zana ya kukagua makosa ya kerneli, kwa chaguo la racecheck, ukikumbuka kwamba hukagua kumbukumbu ya pamoja ya bloku, si kumbukumbu kuu ya kadi.