Kuhusu kazi ya kuwahudumia watu wazima wenye ulemavu katika nyumba ya pamoja

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana asiyesomea uuguzi anaweza kufanya kazi katika nyumba wanamoishi watu wazima wenye ulemavu hapa Bukavu, na kama kazi yenyewe inataka nguvu tu. Nimeifanya kwa miaka kadhaa katika nyumba moja ya Kadutu, nikafundishwa humo humo, kwa hiyo nakujibu kwamba unaweza. Nguvu, hata hivyo, ndilo jambo dogo kuliko yote utakayodaiwa.

Kubwa zaidi ni subira ya kumwachia mtu shughuli yake. Mmoja wa wanaume ninaowahudumia ana mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayovuruga mwendo wa viungo, na vidole vyake hukakamaa, hasa asubuhi za baridi. Anapovaa shati hushika ukingo wa kitambaa kwa mkono wa kushoto, huukandamiza kifuani, kisha hukisukuma kifungo kwa kidole gumba mpaka kipenye tunduni. Kikiteleza, huanza upya. Mhudumu mgeni akimwona hivyo humkimbilia na kumfungia vifungo vyote mara moja, akidhani ametenda wema, kumbe amemnyang'anya mtu mzima kazi anayoiweza. Kaa karibu, ngoja, msaidie atakapokuomba, na kama muda hautoshi, patana naye aamke mapema.

Asiyesema kwa mdomo naye ana neno lake. Yupo dada mmoja ambaye akikubali hutazama juu, na akikataa hukaza midomo. Basi asubuhi mimi humwonyesha vitenge viwili, kimoja baada ya kingine, nikasubiri macho yake. Kabla ya kumwinua au kumwogesha mtu, mweleze unachotaka kufanya, funga mlango, na funika sehemu ambayo huioshi kwa wakati huo. Waite Baba, Mama au Yaya, yaani kaka au dada mkubwa, kadiri ya umri wao, kwa maana mtu wa miaka hamsini haitwi mtoto eti kwa sababu analishwa kwa kijiko. Jambo hili huniuma kila ninapolisikia.

Yako pia mambo ya mwili ambayo ni lazima uyajue. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, hata usiku, na ngozi ya matako, nyonga na visigino hukaguliwa kila siku, kwa kuwa sehemu iliyobadilika rangi, iliyo moto au ngumu huweza kuwa mwanzo wa kidonda. Anayemeza kwa shida hulishwa akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na halazwi mara tu amalizapo kula. Mwenye kifafa akianguka, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa chake, tazama saa, wala usimtie chochote mdomoni, hata majirani wakipiga kelele kwamba atajiuma ulimi. Degedege likipita dakika 5, mpeleke hospitali. Dawa zake hazikatizwi ghafla, kwa hiyo zihesabu kabla hazijakaribia kwisha.

Mji wetu ni wa miteremko. Penye mteremko mkali kiti cha magurudumu hushushwa kinyumenyume, mhudumu akitangulia upande wa chini, na mvua ikinyesha udongo huteleza kiasi cha kuhitaji watu wawili. Hata hivyo msiache kutoka. Kwenda sokoni, kanisani au ziwani ni haki ya mkaaji, haitolewi kama zawadi kwa aliyetulia. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, kinasema kwamba mtu achague mahali pa kuishi na wa kuishi naye, na tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi ina sheria yake ya kulinda haki hizo.

Mshahara si mkubwa. Kabla ya kutia sahihi, uliza mhudumu mmoja huachiwa watu wangapi usiku, nani hutoa glavu na sabuni, na wakaaji wana sauti gani katika kumchagua anayewaogesha. Omba uonane nao kwanza, nao wakuulize watakayo. Msimamizi akikataa, tafuta nyumba nyingine.