Je, Babu Alikuta Pori Tupu?

SWALI: Mpendwa Mhariri, mimi na mume wangu ni raia wa Kenya, kizazi cha tatu cha walowezi. Babu yake alipewa shamba Kinangop mwaka 1919 kwa kuwa alikuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaliuza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa fedha hizo akanunua kiwanja cha ufuoni Kilifi, ambapo sisi tunaendesha hoteli ndogo ya vibanda vya makuti. Sasa tunaandika historia ya familia ili wageni waisome. Simulizi tuliyorithi inasema kwamba babu alikuta pori tupu, bara na pwani. Hata hivyo, mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, anasema kisima kilicho nyuma ya jiko letu kilichimbwa na babu zake. Tuandike nini, na je, kukiri hivyo kutahatarisha hati yetu?

JIBU: Ndugu zetu, tunawashukuru kwa kuuliza kabla ya kuchapisha. Tunawasihi kwanza myaondoe maneno "pori tupu", kwa sababu si ya kweli na yanawaumiza watu mnaoishi nao.

Wamaasai walipohamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, walibakishiwa maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za jando. Pori tupu halina jando. Mpango wa 1919 nao uliwagawia mashamba askari wa Kizungu, ilhali wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, hawakuwa na fungu lolote ndani yake.

Kuhusu mauzo, ulizeni ni nani aliyelinunua shamba. Chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, mashamba ya walowezi yaligawiwa familia zipatazo 35,000, na sehemu kubwa ya bei ya ardhi ilikuwa mkopo ambao wakulima hao wadogo walitakiwa kuurejesha. Ikiwa shamba la babu lilipitia mpango huo, basi makuti ya kwanza ya hoteli yenu yaliezekwa kwa fedha ambazo mkulima wa Kinangop aliendelea kuzilipa kwa maziwa na pareto yake. Jambo hilo linastahili ukurasa mzima.

Pwani ilikuwa na sheria yake. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963, na sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai alipeleke kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, ambao waliijua ardhi kwa makaburi, minazi na visima badala ya karatasi, walijikuta wakiitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya ardhi, mahali walipozaliwa. Kwa hiyo, kauli ya mzee huyo msiichukulie kuwa uvumi. Rekodini maneno yake, kwa Kigiriama ikiwa ndiyo lugha anayojieleza vizuri, na kwa idhini yake. Wahojini pia wafanyakazi wenu wa zamani, kisha mlinganishe masimulizi hayo na jalada la ardhi, matoleo ya zamani ya Gazeti Rasmi la Kenya na Nyaraka za Taifa zilizopo Nairobi.

Kueleza kwamba watu walichota maji hapo kabla yenu hakubatilishi hati peke yake, ingawa ni busara kumwonyesha wakili rasimu. Kikomo cha miaka 99 cha kumiliki ardhi kilichowekwa na Katiba ya 2010 kinawahusu wasio raia. Kinachowahusu ninyi kila siku ni kwamba, kwa Katiba hiyohiyo, ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mvuvi anayekokota ngalawa yake mbele ya vibanda vyenu hahitaji ruhusa yenu, na mlinzi asimzuie. Ikiwa njia ya zamani ya kwenda ufuoni inapita kiwanjani mwenu, iacheni wazi na muieleze katika historia hiyo pamoja na kisima.

Mwezi Mei, masika yanapopunguza wageni na kusi kuwazuia wavuvi wengi wasiende mbali, mtapata nafasi ya kukaa na mzee huyo. Msomeeni rasimu nzima, arekebishe majina ya babu zake, ndipo muipeleke kwa mchapaji.