Watu wa nyumbu ni watu gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili wa mambo ya wanyamapori, utafiti wangu ni wa nyumbu wa Serengeti, wanavyotafuta chakula na wanavyoongezeka na kupungua. Chuo wanataka muhtasari wa Kiswahili pia. Nimeandika: "Utafiti huu unachunguza tabia ya kulisha ya nyumbu na mienendo ya idadi ya watu wa nyumbu katika Serengeti." Mwenzangu anasema sio kulisha, ni kujilisha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako kakaribia ila hajafika, na hilo la kulisha nitakujibu, subiri kwanza. Kuna kitu umekiandika hapo kwa amani kabisa, hujakiuliza wala mwenzako hajakiona, na mimi nimeshindwa kukipita. Idadi ya watu wa nyumbu. Watu wa nyumbu ni watu gani? Wanakaa wapi?

Sio wewe peke yako, na ndo maana nakasirika. Saivi naikuta kila mahali, "idadi ya watu wa simba", "idadi ya watu wa tembo", juzi nimesoma "idadi ya watu wa samaki" kwenye maandishi ya watu wenye shahada zao. Najua inakotoka. Mtu anaandika kwa Kiingereza, anaitupia mashine itafsiri, mashine nayo imekariri kwenye taarifa za sensa kwamba neno la kizungu "population" ni "idadi ya watu", basi inalibandika lilivyo popote linapotokea. Mashine haijui kwamba nyumbu sio mtu, haina kosa. Wewe unajua, na umesoma sentensi yako mara ngapi kabla hujanitumia?

Neno lenyewe halina ugumu. Idadi limetoka Kiarabu, ni hesabu ya vitu, kisha unataja unachohesabu: idadi ya nyumba, idadi ya wanafunzi, idadi ya nyumbu. Imekwisha hapo. Watu wanaingia tukihesabu watu, kama Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 iliyopata watu 61,741,120, pale "idadi ya watu" iko kwao.

Sasa utaniambia mwalimu unakuza mambo, msomaji ataelewa tu. Hataelewa, na nitakuonyesha kwa nyumbu wako hao hao.

Unajua habari yao kuliko mimi lakini wasomaji wengine hawaijui. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe, ikafyeka na nyumbu na nyati, na kwa miongo mingi iliendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka mbuga walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa wanyama pori miaka ya mwanzo ya 1960, wala hakuna aliyewachanja nyumbu wenyewe! Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000, kufika 1977 walishapita milioni 1.3. Watafiti, akiwemo Anthony Sinclair aliyeanza kazi Serengeti miaka hiyo ya sitini, waliwahesabu kwa ndege, unapiga picha kutoka juu halafu unakaa chini unahesabu vichwa kwenye picha. Na nyumbu walivyoongezeka wakala nyasi nyingi, nyasi zikipungua moto wa kiangazi unakosa cha kuchoma, miti ikaanza kurudi. Mambo makubwa haya, yanastahili Kiswahili kizuri.

Halafu ukaja ukame wa 1993. Nyumbu walikufa kwa njaa wengi mno, wakashuka chini ya milioni moja. Hebu liandike hilo kwa mtindo wako. Mara ya kwanza utaandika "idadi ya watu wa nyumbu ilishuka", sawa, tutakusamehe. Ila mwandishi hachoki kurudia? Anachoka, kwa hiyo aya ya pili atafupisha: "Mwaka 1993 idadi ya watu Serengeti ilishuka sana kwa sababu ya njaa." Soma tena polepole. Serengeti sio hifadhi tu, ni wilaya, iko mkoa wa Mara, makao makuu yake Mugumu, kuna watu pale wana mashamba na watoto wanasoma shule. Umewaua kwa njaa kwa kalamu! Mtu wa Mugumu akiisoma hiyo atauliza ndugu zake gani walizikwa mwaka huo bila yeye kuambiwa. Na ukiendelea na mengine yanayojulikana kuhusu nyumbu, kwamba idadi ya watu inapungua kwa kuliwa na simba na fisi na mamba wa mto Mara, hapo ndo itabidi uitwe polisi.

Kuna wanaojaribu kurekebisha wakaandika "kundi la nyumbu". Hapana. Kundi ni wale unaowaona pamoja saa hiyo, kesho wamegawanyika, keshokutwa wamechanganyika na wengine. Wengine wanaandika "jamii ya nyumbu", nayo siitaki hapa, maana kwa wanyama Mswahili anaposema jamii anasema aina na ukoo, nyumbu ni jamii moja na kongoni na nyamera. Unachotaka wewe ni nyumbu wote wanaoishi eneo lile, na Kiswahili kinasema "nyumbu wa Serengeti". Maneno matatu, wote wameingia, hakuna aliyebaki nje.

Na hiyo "mienendo" yako pia, ningekuvumilia kama ungekuwa unaandika juu ya konokono. Nyumbu ni mnyama wa kutembea mwaka mzima, Januari na Februari anazaa kwenye nyasi fupi za kusini kule Ndutu, kiangazi yuko kaskazini anavuka Mara. Ukisema mienendo ya nyumbu kila msomaji anafikiria kuhama. Sema kuongezeka na kupungua. Na hapa angalia upatanisho, nasoma kila siku "idadi ya nyumbu wameongezeka", idadi imeongezeka, nyumbu wameongezeka, chagua mmoja umpe kitenzi chake.

Haya, swali lako. Kulisha ni kumpa mwingine chakula. La, lisha, malisho, shina moja. Mchungaji analisha ng'ombe, mama analisha mtoto, kwa hiyo "tabia ya kulisha ya nyumbu" inamfanya nyumbu awe mfugaji, najiuliza anamlisha nani. Ndama wake hamlishi, anamnyonyesha. Kujilisha ni afadhali, vitabu vingi vimeshaikubali na sitagombana na mtu, ila kwangu inabaki na harufu ya mgonjwa aliyepata nafuu akashika kijiko mwenyewe. Mnyama mzima anakula, na kabla ya kula anatafuta, basi nyumbu anatafuta malisho.

Ila usiishie hapo maana Kiswahili kimejaa vitenzi vya kazi hii na nyie wasomi mnavipita mnakimbilia neno moja la kubeba wote. Simba anavizia na kuwinda. Tumbusi anashukia mzoga. Twiga anachuma majani ya mgunga kwa ulimi, tembo anavunja matawi na kubandua magome, ngiri anapiga magoti ya mbele anakula nyasi chini au anafukua mizizi kwa pua. Hata kwa wala nyasi watupu kuna tofauti ambayo ndo utafiti wenyewe: pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, anatangulia kwenye nyasi ndefu anakata mabua magumu, nyumbu hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu na mdomo mpana, anakuja nyuma anakwanyua majani yaliyofunuliwa, kisha swala tomi na kamdomo kake kembamba anachagua machipukizi yaliyobaki chini. Mtafiti Richard Bell alieleza mfuatano huo mwaka 1971. Ukiandika kwamba wote "wanajilisha" umeufuta.

Na kama unataka kuona lugha inavyosaidia sayansi chukua neno uboho. Simon Mduma, Mtanzania, pamoja na Sinclair na Ray Hilborn, walichapisha mwaka 1999 kumbukumbu za miaka 40 za nyumbu wa Serengeti wakitafuta kinachowazuia wasiongezeke bila mwisho. Sasa ukikuta nyumbu amekufa, ameshaliwa nusu, utajuaje kama simba alimkuta mzima au alimkuta anakufa njaa? Unavunja mfupa unaangalia uboho. Mnyama mwenye afya uboho wake ni mweupe, mgumu, una mafuta. Aliyeshinda na njaa mafuta ya uboho ndo ya mwisho kutumika, ukikuta uboho umekuwa mlegevu kama utelezi na unaona upande wa pili, huyo njaa ilimmaliza hata kama meno ya fisi yako shingoni. Walikuta asilimia 75 ya vifo ni utapiamlo, ukosefu wa nyasi za kiangazi. Bibi yangu aliyekuwa anagonga mfupa kwenye jiwe atupe uboho wake angeuelewa utafiti huu bila kufunguliwa kamusi, mradi tu asiambiwe ni habari ya idadi ya watu.

Kwa hiyo andika: "Utafiti huu unachunguza jinsi nyumbu wa Serengeti wanavyotafuta malisho, hasa kiangazi, na kinachofanya waongezeke au wapungue." Msimamizi wako akisema haina uzito wa kitaaluma na anataka nomino, mpe "utafutaji wa malisho" na "ongezeko na upungufu wa nyumbu", nazo ni sahihi japo zinatembea kwa kuchechemea. Akikurudishia "idadi ya watu wa nyumbu" kwa kalamu nyekundu, muulize kwa heshima, mwalimu, hao watu nimewahesabu lini?